Shemeji wa Kikundi

Mume wangu ni fundi friji, na pombe aliipata kazini. Sisemi hivyo kumtetea, ndivyo ilivyokuwa. Friji ya baa ikifa, wenye baa wote mjini kwetu humwita yeye, maana ana mkono mwepesi na hana maringo. Akishaziba bomba na kujaza gesi, lazima friji ipimwe. Kipimajoto anacho kwenye mkoba, lakini mwenye baa hana habari na kipimajoto, yeye anaamini chupa. Basi huwekwa chupa, watu wakasubiri wakipiga soga, kisha chupa hutolewa na fundi hupewa aionje kama imepoa. Imepoa. Na chupa iliyokwisha kufunguliwa hairudi kwenye kreti. Kwa miaka mingi mume wangu amepima ubaridi wa mji mzima namna hiyo.

Hakuwa mlevi wa fujo. Hajampiga mtu wala kumtukana mtu. Akilewa huwa mpole kupita kiasi, akijigonga kwenye meza anaiomba meza radhi. Ugonjwa wake ulikuwa kuahidi. Alimwahidi kila mtu kila kitu, kwa uso mkavu kabisa, na wateja wa majumbani walimsubiri mpaka nyama ikaharibika na maziwa yakaganda. Simu yangu ilikuwa inalia kuliko yake. Mimi ndiye niliyekuwa naomba samahani kwa watu ambao hata sura zao sizijui.

Mimi nalea watoto wa watu. Nina kituo kidogo uani kwetu, chumba kimoja cha kuchezea na kingine cha kulalia, wazazi wanawaacha asubuhi na kuwachukua jioni. Watoto wananiita Shangazi, na wazazi nao wakashika hilo hilo. Kazi yenyewe ni kufuta makamasi na kubembeleza, haihitaji digrii, lakini inahitaji kuaminiwa. Mzazi akikutilia shaka siku moja, hata uwe na vitanda vya dhahabu, mtoto wake humwoni tena.

Siku niliyochoka ni siku ya friji ya mama yangu. Mama ana sukari, anajidunga dawa, na dawa ile lazima ikae kwenye baridi. Friji yake ikazimika asubuhi, mkwe wake ni fundi, kwa hiyo hakuna aliyebabaika. Mkwe akaahidi kupitia mchana. Jioni mama akanipigia, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, akauliza kama dawa ikipata joto bado inafaa. Nikatoka na khanga niliyokuwa nimejifunga. Nilimkuta mume wangu baa, mbele ya friji ambayo haikuwa imeharibika hata kidogo, anaipima.

Usiku ule sikupiga kelele. Nilimwambia achague: aende kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, au akakae kwa kaka yake. Akanishika bega. "Kitafute wewe, mke wangu. Ukikipata, nitaenda." Alisema hivyo kwa sababu alijua hakipatikani.

Sijui kama umewahi kutafuta kikundi cha watu wasiotaka kujulikana. Hospitalini dirisha la kwanza walinituma la tatu, la tatu wakanituma ghorofani, ghorofani nikakuta mlango umefungwa na fagio limeegemezwa. Duka la dawa nilimnong'oneza muuzaji, naye akanijibu kwa sauti ya kuita wateja. Na kila nilipouliza, nilijichongea mwenyewe bila kujua. Nilisema, "Namtafutia mume wangu," na kila mtu akanitazama macho, kisha viganja kama vinatetemeka, kisha akashusha sauti. Muuguzi mmoja alinivuta pembeni akasema nisione haya, wengi huanza hivyo hivyo, kwa kusingizia ndugu. Nikamwambia sisingizii mtu. Akanipapasa mkono. Ndiye aliyenielekeza hatimaye: shule ya udereva, Jumamosi alasiri, mlango wa nyuma, usitafute kibao kwa sababu hakipo.

Nilikwenda peke yangu kwanza. Mimi simpeleki mtu mahali nisipopajua, hata mtoto wa mwezi mmoja simbebi kwenda mahali bila kuuliza choo kiko wapi. Lilikuwa darasa la madereva wanafunzi. Ukutani alama za barabarani zimechorwa kwa rangi, za kusimama, za kona kali, za kutoa njia. Juu ya meza kulikuwa na usukani umefungwa kwa nati, wa kufanyia mazoezi, na kando yake chupa ya chai. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa duara. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, muuza miwani, mwenye sauti ya taratibu kama anayekusomea herufi ubaoni. Alinikaribisha akanieleza sheria. Hatutajani majina. Hatukatizani. Na kubwa kuliko zote: hapa hakuna kumsemea mwenzio, kila mtu anasema ya kwake.

Zamu yangu ikafika. Nikasema mimi sinywi, mnywaji ni mume wangu.

Kulikuwa na dereva wa lori pale, mtu wa tumbo na kicheko, akacheka mpaka kiti kikalia. Akasema yeye mwaka mzima mnywaji alikuwa shemeji yake. Watu wakatabasamu. Mwenyekiti akaniambia kwa ile sauti yake kwamba hapa tunasema ya kwetu tu, dada, na kwamba sina haja ya kuharakisha. Nikarudia kuwa sinywi, sijawahi, hata harufu yake inanitia kichefuchefu. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuitikia kwa vichwa, kwa huruma ya kukera, mpaka damu ikanichemka. Nilipotoka, bibi mmoja wa pembeni alinikumbatia. Nikajikaza kisabuni nikafika nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilimleta mwenye shughuli. Alikuwa amevaa shati la pasi, uso umemshuka, miguu inaburura kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Nilijiambia, leo yatakwisha, akifungua mdomo tu wataelewa. Tulipoingia mwenyekiti aliinuka, akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu sana, shemeji," akamwambia. "Wanaume wengi wangekuwa wameshakimbia."

Mume wangu akanitazama. Akautazama mkono ulioshikwa. Nikaona uso wake unafunguka pole pole, rangi inamrudia, na kabla sijameza mate akajibu, "Asante, dada. Tunajitahidi."

Njiani nilimwaka. Akajitetea kwamba ilimtoka tu, kwamba asingeweza kumuumbua yule mama mbele za watu, kwamba heri azoee kwanza, wiki ijayo atasema. Alikuwa na maelezo mazuri kabisa. Ukimsikiliza unaweza kumwombea apewe nishani.

Wiki ijayo hakusema, wala ile ya baadaye. Akawa Shemeji wa kikundi. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, anapanga viti, anamimina chai, anamsindikiza yule bibi mpaka barabarani. Walikuwa na friji kuukuu ya ofisini, inanguruma kama trekta, akaitengeneza bila malipo na wakampigia makofi. Aliwasikiliza wote kwa makini, kichwa kimeinama, na mtu akilia yeye ndiye anayetoa leso. Mimi nilikaa nimekunja mikono, mlevi mkaidi asiyetaka kukubali ukweli wake, huku mlevi mwenyewe akinishika bega na kusema, "Mpeni muda."

Niliacha kwenda mara mbili. Mara zote mbili alikwenda peke yake, akaniletea salamu kutoka kwa wenzangu.

Nisimwonee: baa alipunguza. Simu za wateja wenye hasira zilipungua, na mama alitengenezewa friji yake. Lakini jioni macho yake yalikuwa yale yale, na pipi za mnanaa alizokuwa akizitafuna hazikunipiga chenga. Nikapekua. Nilipekua tangi la choo, mkoba wa vyombo vyake, mitungi ya gesi, viatu vya mvua, chini ya gunia la mkaa, hata ndani ya friji mbovu alizozirundika nyuma ya nyumba. Niliambulia patupu. Nikaanza kudhani labda nina wazimu, labda kweli ameacha na mimi ndiye niliyezoea kutafuta.

Kisha watoto wakaanza kupungua. Mama wa mapacha alikuja na maneno matamu, bibi yao amehamia nyumbani, atawaangalia yeye. Wiki hiyo hiyo baba mmoja naye akapata bibi. Mabibi wakawa wanahamia mtaa mzima. Wa tatu alikuwa karani wa benki, mwanamke asiyejua kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na huyo aliniambia mbele ya lango, mtoto ameshampakata.

"Shangazi, blanketi la mwanangu lilinuka pombe. Watu wanasema unakwenda kule shule ya udereva. Sikuhukumu, lakini mwanangu simwachi tena."

Mtu aliniona nikiingia mlango wa nyuma, au muuguzi alisema, au muuza dawa, au wote. Sikujali hilo. Lililonichoma ni blanketi. Mablanketi yale nafua mwenyewe, naanika mwenyewe, nakunja mwenyewe. Nilimwambia karani akaoshe pua yake. Nilimwambia mengi, na majirani wanaojitia hamnazo waliacha kufagia wakasikiliza. Alipoondoka nikagundua kwamba mtu aliyeonekana kalewa pale langoni, anatetemeka na kupayuka, ni mimi.

Walibaki watoto wanne. Nilimkalisha mume wangu chini nikamweleza bila kupepesa: jina lililochafuka ni langu, aliyelichafua ni yeye, na maji ya kulioshea yako kinywani mwake. Nilimwambia Jumamosi hii anasimama na kusema, au jioni yake aonekane kwa kaka yake na nguo zake. Aliapa. Safari hii machozi yalimlengalenga, nami nikamwamini, mjinga mimi.

Na kweli alisimama. Zamu ilipomfikia hakuipitisha kama kawaida yake. Alishika mgongo wa kiti akasema mnywaji wa nyumba yetu ni yeye, mke wake hanywi na hajawahi kunywa.

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu siku ya kwanza. Halafu nikamwona mwenyekiti anavua miwani yake, anaifuta, anaivaa, na nikajua tumekwisha.

Alisema wote wanaheshimu upendo wa Shemeji. Alisema si kila mume angekubali kubeba aibu isiyo yake. Lakini kumfunika mwenzio, akasema, ni kumchelewesha, na ndiyo maana pale hakuna kumsemea mtu. Yule bibi wa pembeni alikuwa analia. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, makofi ya taratibu ya kumsifu mume wangu kwa wema wake.

Mume wangu akakaa. Ningeweza kumsamehe yote kama asingekaa vile. Alikaa kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo, akanigeukia kwa macho yanayosema, umeona, nimesema. Hakuwa na nia ya kusema mara ya pili.

Nikainuka. Mwenyekiti akaanza kunikumbusha sheria, nikamwambia sheria naijua, nasema ya kwangu.

"Haya, mimi ndiye mlevi," nikasema. "Basi nisaidieni jambo moja. Nimepekua nyumba yangu kuanzia choo mpaka paa na chupa sijaiona. Nani kati yenu aliwahi kusahau alipoficha chupa yake?"

Dereva wa lori alicheka peke yake. Kicheko kikamkatikia katikati. Akageuka na kiti chake, taratibu, mpaka tumbo lake likaelekea upande wa mume wangu, na akamkazia macho. Wengine nao wakageuka. Wale watu walikuwa wamefanya kila uongo duniani, walichohitaji ni kuonyeshwa upande wa kutazama.

"Shemeji," dereva akasema, "chupa inakaa wapi?"

Mume wangu akafuta viganja kwenye suruali. Alisema hajui. Akasema tena hajui. Nikadhani ndiyo basi, nikainama kuchukua mkoba wangu niondoke, na nikiwa nimeinama hivyo nikamsikia.

"Kwenye chumba cha watoto," akasema.

Nikabaki nimeinama.

Akaendelea kwa sauti ndogo, bila kunitazama. Kabati la mablanketi, rafu ya chini, nyuma kabisa. Aliiviringisha kwenye blanketi isigonge ukuta na kulia. Huingia mchana watoto wakiwa wanacheza upande wa pili, kwa kisingizio cha kuangalia feni. Alipachagua pale kwa sababu alijua mke wake anaweza kumtilia shaka popote, lakini hatamtilia shaka katikati ya vitanda vya watoto. Siku moja kifuniko hakikukaza. Ilimwagika, akayakunja mablanketi yaliyolowa akayarudisha ndani, akitumaini yatakauka kabla sijayafungua.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alimwambia, "Karibu," basi, kama wanavyomwambia yeyote aliyefika siku ya kwanza. Kisha akanigeukia mimi akaniomba radhi, na wengine wakaniomba radhi, na mimi sikuwa na nafasi ya radhi zao. Nilikuwa nafikiria pua ya karani wa benki, na yote niliyomwambia langoni. Mtoto wake alilala juu ya pombe ya mume wangu, chini ya macho yangu, na mimi nilimwambia mama yake akaoshe pua.

Nyumbani nilitoa kila kitu chumbani mle. Chupa niliikuta pale pale alipotaja, imevikwa vizuri kuliko watoto wenyewe. Nilifua mpaka vidole vikachubuka. Alikuja kunisaidia kukamua nikamwambia aondoke, akaondoka, akarudi, nikamwacha. Nilitaka aseme kitu nipate kumjibu vibaya, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuahidi lolote.

Kesho yake jioni nilimpeleka kwa karani. Nilianza mimi, nikamwambia pua yake haikukosea, nikaomba msamaha kwa matusi yangu. Kisha nikasogea kando. Mume wangu alisema yote, kabati, rafu, kifuniko. Karani alisikiliza amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Aliuliza swali moja tu, kama mwanawe alilalia hilo blanketi. Akajibiwa ndiyo. Akatushukuru kwa kuja, akasema mtoto hatamrudisha, na akafunga mlango bila kuubamiza.

Mume wangu akakaa kwenye ngazi zake. Alisema sasa ameusema ukweli na umemsaidia nini. Nilimuuliza kama alitegemea kukatiwa keki. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na karani kwa kuwa na haki, na hasira na ile saa nzuri ya jioni ambayo wazazi wengine walikuwa wanaingia majumbani mwao na watoto ambao asubuhi hawatakuja kwangu. Akaniuliza zimebaki nyumba ngapi za kuzungukia. Nikamwambia wote walioondoka, na wale wanne waliobaki pia, maana nao wamelala mle.

"Hao nao wataondoka," akasema.

"Najua."

"Utabaki huna kitu."

Nikamwambia hilo nalo najua, ainuke. Akainuka, akajipangusa suruali, akanifuata nyuma mpaka kwa mama wa mapacha. Nilinyanyua mkono nibishe. Akaushika, akaushusha, akabisha mwenyewe.

Mama wa mapacha alifungua, akanitazama mimi kwanza, kwa yale macho ya huruma niliyokwisha kuyazoea.

"Nitazame mimi, dada," mume wangu akamwambia. "Mlevi ni mimi."